Bunduki ya Marehemu Baba na Mwaliko wa Kwenda Nayo Porini

Bwana Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Masindi. Marehemu baba yetu alikuwa askari wa Idara ya Wanyamapori tangu miaka ya 1960 hadi alipostaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika hifadhi za Bugungu na Karuma. Baada ya arobaini yake tulifungua sanduku lake la chuma ili tugawane nguo na kupanga karatasi, tukakuta chini kabisa bunduki ya zamani iliyoviringishwa katika turubai lenye mafuta, pamoja na risasi chache ambazo maganda yake yamefanya ukijani. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba alikuwa nayo. Mama aliichukua akaiweka chini ya kitanda chake, na hapo ndipo ilipo mpaka ninapoandika barua hii, katika nyumba ambayo wajukuu wanaingia na kutoka kutwa nzima.

Bunduki yenyewe inapendeza macho. Kitako chake ni cha mbao nyeusi iliyong'aa kwa kushikwa, mbao za mbele zimekatwa zikawa fupi, na kwenye chuma kumechorwa kaliba .303, mwaka 1942 na alama ya mshale mdogo. Baba alinifundisha nikiwa kijana jinsi boliti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, inavyofunguliwa na kufungwa, ingawa hakuniruhusu hata siku moja kufyatua.

Nina marafiki Kampala ambao hupenda kutazama video za watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya bunduki za uwindaji za enzi hizo, wakaenda nazo mashambani siku za Jumamosi na Jumapili, wakapiga shabaha, wakachoma nyama na kulala kwenye mahema. Nilipowasimulia habari ya bunduki ya baba walifurahi mno, na mmoja wao ametualika kwenye shamba la mifugo la familia yao Nakasongola ili tuijaribu kwa makopo, na tukijaliwa, tupate kanga wawili watatu au swala mmoja, kwa kuwa anasema wanyama walio ndani ya shamba la mtu ni wa mwenye shamba. Kaka yangu mkubwa hataki habari hizo; yeye amepata mtu wa kuinunua. Mke wangu anasema itupwe mtoni Kafu usiku na tusiitaje tena.

Mimi si jangili wala sitaki kuwa mhalifu. Ninachotaka ni kwenda porini na wanangu wawili nikiwa na kitu alichokishika baba yangu. Je, ni vibaya kuipenda bunduki hii? Ninaweza kubaki nayo? Na je, inafaa kufyatuliwa?

Mtoto wa Askari, Masindi.

*

Ndugu yangu Mtoto wa Askari,

Poleni sana kwa msiba wa mzee. Naomba nianze na kitanda cha mama, kwa sababu mengine uliyouliza yanaweza kusubiri siku kadhaa, lakini bunduki iliyo mahali ambapo mtoto anaweza kuinama na kuivuta haiwezi kusubiri hata usiku mmoja. Leo hii irudi katika lile sanduku la chuma, sanduku litiwe kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Risasi ziwekwe mahali pengine, nazo chini ya kufuli. Kwa kuwa mzee alikufundisha kufungua boliti, ifungue mara hiyo moja tu, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na mtu, uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu linalokaa risasi, ni tupu. Ikiwa huna hakika na mkono wako, acha kabisa na uifunge jinsi ilivyo. Baada ya hapo isiguswe na yeyote, isisafishwe, isipigwe picha za kurusha kwenye simu za marafiki.

Kuipenda si vibaya. Wako watu wengi wenye akili timamu na familia zao ambao hupata raha ya kweli katika bunduki za uwindaji za zamani, na raha hiyo ina sababu. Mauser ya mwaka 1898 kutoka Oberndorf nchini Ujerumani, Mannlicher-Schönauer ya 1903 kutoka Austria, na bunduki zilizoundwa katika karakana za Rigby mjini London au Westley Richards mjini Birmingham, zilikuwa kazi za mafundi waliosugua chuma kwa tupa mpaka boliti ikateleza bila sauti. Aliyewahi kushika moja hawezi kuisahau. Zaidi ya hayo, nchi yetu imo ndani ya historia hiyo kuliko vijana wengi wanavyojua. Mskochi W. D. M. Bell, ambaye Wazungu wenzake walimpa jina la Karamoja kwa sababu ya miaka aliyowinda katika eneo hilo la kaskazini-mashariki, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa .275 ya Rigby, ambayo ni Mauser ya milimita 7 kwa jina la Kiingereza, kaliba ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa mnyama wa ukubwa ule. Alitegemea shabaha na kuyajua maumbile ya tembo. Theodore Roosevelt naye alipita Uganda kuelekea Ziwa Albert mwanzoni mwa mwaka 1910, akashuka Nile hadi Lado akiwa na Springfield, Winchester na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, akaua vifaru weupe pale ambapo hadi leo panaitwa Rhino Camp. Nikisoma habari za watu hao nastaajabia mikono yao na kuichukia hesabu yao. Nadhani mtu anaweza kuwa na yote mawili moyoni.

Bunduki ya mzee si ya ukoo huo, na ni afadhali uambiwe na mimi kuliko na mchuuzi. Kwa maelezo yako, inaelekea kuwa Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza ambayo mbao zake za mbele zilifupishwa baadaye ili iwe nyepesi kwa kutembea nayo porini. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo bei yake haiwezi kuwa ile anayoiota kaka yako. Lakini kama ndiyo aliyotembea nayo kazini, ilifanya kazi iliyo nzito kuliko mapambo ya London. Miaka ya 1960 tembo wa hifadhi ya Murchison walikuwa wengi kiasi cha kumaliza miti, na serikali ikaamuru wapunguzwe; kati ya 1965 na 1967 waliuawa tembo wapatao 2,000 na viboko wapatao 4,000. Baada ya vita vya 1979 mambo yakageuka, ujangili ukawamaliza waliosalia, na askari wa aina ya baba yako wakajikuta wanalinda wachache kwa silaha duni kuliko za majangili. Hiyo ndiyo historia ya kuwasimulia wanao.

Swali la kubaki nayo lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ni ya nani. Ule mshale mdogo ulioutaja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Silaha ilipouzwa kwa raia kwa njia halali, mara nyingi ilipigwa mshale wa pili ukitazamana na wa kwanza ncha kwa ncha, kuonyesha kwamba imetoka rasmi katika utumishi. Wewe umeona mmoja tu. Hilo peke yake si ushahidi wa kumhukumu marehemu, kwa maana silaha nyingi za enzi hizo zilihama mikono bila kupigwa alama zaidi, lakini linaleta uwezekano ambao lazima uupokee: kwamba bunduki ilikuwa ya idara, mzee akakabidhiwa kwa kazi, na katika vurugu za miaka ile hakuna aliyekuja kuidai. Idara hiyo iliunganishwa na shirika la hifadhi za taifa mwaka 1996 ikawa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Zitafute barua za mzee za kuajiriwa na kustaafu, kwa sababu namba ya utumishi wake itasaidia kujua alikabidhiwa nini na alirudisha nini.

Sehemu ya pili ni cheti. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, kibali cha kumiliki bunduki hutolewa kwa mtu aliyetajwa jina baada ya kuchunguzwa, hakitolewi kwa nyumba wala kwa ukoo. Hata kama mzee alikuwa na cheti safi, hakikupita kwako pamoja na ng'ombe na kiwanja. Kwa hiyo wakati huu familia yenu inashikilia silaha ambayo hakuna aliye hai mwenye ruhusa nayo. Serikali yetu haina masihara katika jambo hili, na hailaumiwi ukikumbuka Karamoja, ambako ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa mwaka 1979 na operesheni za kukusanya bunduki zikaanza 2001, zikarudi 2006, zikarudi tena 2021. Vilevile mwaka 2018, baada ya mauaji ya watu mashuhuri, Rais aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama za utambuzi. Katika mazingira hayo, bunduki isiyojulikana haitaulizwa kwanza kama ni ya ukumbusho.

Nakuomba uende polisi, lakini usiende nayo. Mtu aliyekutwa na bunduki kwenye bodaboda au ndani ya buti la gari atapata shida kueleza kwamba alikuwa njiani kuisalimisha. Mtafute wakili kwanza, umweleze yote bila kupunguza, akuandikie barua fupi inayotaja ilipopatikana, lini, mbele ya nani, na namba iliyochorwa kwenye chuma. Mjulishe mwenyekiti wa LC I, yaani wa baraza la kijiji, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa kama anaifahamu familia yenu. Kisha nendeni mikono mitupu kwa kamanda wa polisi wa wilaya, wewe na wakili, mkiwa na cheti cha kifo na nyaraka za mirathi, mwombe askari waje kuichukua nyumbani. Mama asiachwe peke yake siku hiyo. Wakati huohuo mwambie kamanda kwamba, ikithibitika haikuwa mali ya serikali, ungependa kuomba kibali kwa jina lako. Ombi la namna hiyo hupita ngazi nyingi za usalama kabla ya kufika makao makuu, na linaweza kukataliwa. Jiandae kwa jibu hilo pia.

Kuhusu kufyatua, jibu langu kwa sasa ni hapana, na hata baada ya kibali litabaki hapana mpaka fundi wa silaha aseme vinginevyo. Tuanze na zile risasi. Ukijani ulioona ni shaba iliyoliwa, na ganda lililoliwa linaweza kupasuka likatema moto nyuma, kwenye uso wa anayelenga. Risasi nyingi za .303 za zamani zilijazwa kodaiti, baruti ya nyuzi nyuzi kama tambi, na fataki zake, yaani vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti, zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu hudhoofika. Wakati mwingine hazilipuki kabisa, na wakati mwingine huchelewa. Hatari kubwa ni huko kuchelewa, kwa sababu mtu hufyatua, husikia kimya, huinua bunduki au hufungua boliti kutazama kuna nini, na risasi huondoka wakati huo. Hizo zikabidhiwe polisi pamoja na bunduki, wala asiwepo wa kuficha hata moja kwa ukumbusho.

Bunduki nayo ina mambo yake. Lee-Enfield hufunga boliti kwa meno yaliyo upande wa nyuma, na kila boliti ilisawazishwa na mwili wake. Ndiyo maana namba ya boliti inapaswa kufanana na namba ya mwili. Katika maghala boliti zilichanganywa mara nyingi, na boliti ngeni inaweza kuacha nafasi nyuma ya ganda, nafasi ambayo macho hayaioni ila kipimo cha fundi. Atatazama pia mifuo iliyo ndani ya mtutu. Fataki za zamani ziliacha chumvi ndani, na chumvi huvuta unyevu, unyevu ukaleta kutu iliyojificha chini ya mafuta. Askari waliofunzwa vizuri walimimina maji ya moto mtutuni kila baada ya kufyatua, ndipo wakakausha na kupaka mafuta, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi. Labda mzee alifanya hivyo. Turubai lake linaonyesha mtu aliyejali.

Rafiki yako wa Nakasongola amekosea, na kosa lake linaweza kuwafikisha wote gerezani. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyama wa porini ni mali ya serikali inayomshika kwa niaba ya wananchi, hata akiwa anakula majani ndani ya uzio wa mtu. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukaruhusiwa tena kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayozunguka Ziwa Mburo, na leo hufanyika kwa haki maalumu ya matumizi inayotolewa na Mamlaka ya Wanyamapori, kwa idadi ya wanyama iliyopangwa na mbele ya askari wake. Kanga wenu wawili watatu hawamo humo. Tena mmechagua wilaya ambayo ina hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, walikorudishwa vifaru weupe kuanzia mwaka 2005 baada ya wale wa asili kutoweka nchini katika miaka ya 1980. Kwa wanyama walio hatarini zaidi sheria hiyo inafika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20, na mlio wa .303 katika nchi ile ya tambarare husikika mbali. Sisemi kwamba mngemgusa kifaru. Nasema kwamba askari atakayeusikia mlio hatajua mnalenga kopo.

Na hilo kopo lenyewe si mchezo. Risasi ya .303 ikikosa, au ikigonga jiwe, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, na Nakasongola ni nchi ya wafugaji, ambako nyuma ya kichaka chochote kuna ng'ombe na mtoto anayewachunga. Wale mnaowatazama kwenye video hupiga mbele ya ukingo mrefu wa udongo, mtu mmoja akisimamia mstari, wengine wakiwa nyuma na masikio yamezibwa, na bia hufunguliwa baada ya bunduki zote kufungiwa. Siku zao ni za polepole kuliko zinavyoonekana: risasi chache asubuhi, mazungumzo marefu, saa nzima ya kusafisha. Ukipata kibali, na fundi akairuhusu bunduki, tafuta mahali palipoidhinishwa kwa kulenga shabaha na mwalimu mwenye ruhusa, uende bila marafiki wenye haraka.

Kaka yako aambiwe waziwazi kwamba mnunuzi asiyeuliza cheti ananunua kwa kazi nyingine, na bunduki hiyo ikitumika kuua, namba yake itarudi kwenye nyumba ya mama yenu. Mkeo ana haki kuogopa. Ila mtoni si mahali pake, kwa kuwa wavuvi huvuta vitu na kiangazi hupunguza maji, nanyi mtakuwa mmeongeza kosa la kuificha.

Wanao usiwanyime safari kwa sababu ya haya. Kutoka Masindi mpaka Murchison si mbali, na Bugungu inapakana nayo. Nenda nao likizo ijayo, umtafute mmoja wa wastaafu waliofanya kazi na mzee, akae nanyi jioni moja awaonyeshe njia walizopiga doria, jinsi ya kusoma nyayo kwenye matope, na jinsi ya kujua upepo kwa kumwaga majivu kidogo hewani. Uwindaji wa zamani ulikuwa hayo kwa sehemu kubwa, na kwa hayo hakuna anayehitaji cheti cha silaha. Baba yako alikaa miaka mingi porini, na nina hakika siku alizofyatua zilikuwa chache kuliko siku alizotembea.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Siku polisi watakapokuja kuichukua, usiwaache waondoke kabla ya kukupa hati ya makabidhiano yenye namba ya bunduki, idadi ya risasi, tarehe, jina na cheo cha aliyepokea. Fanya nakala: moja kwa wakili, moja kwako, na ile ya asili apewe mama, kwa sababu bunduki ilikuwa chini ya kitanda chake, na swali likija baada ya miaka mitano litaanzia kwake.